Mkwe Atatoka Wapi?

Mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa kwenye korongo la Kihansi, wakafungashwa, wakapandishwa ndege hadi New York. Ukitoka Ifakara ukishika njia ya Mlimba, ukapita Mngeta na Chita, korongo hilo liko kuume kwako, juu kwenye ukuta wa milima ya Udzungwa, mahali mto Kihansi unapoanguka kuja kumwaga maji yake katika bonde la Kilombero. Wenzao waliobaki nyumbani walikufa wote. Kwa hiyo chura yeyote wa Kihansi aliye hai leo, awe Marekani, Dar es Salaam au amerudishwa korongoni, ni kilembwe wa wale 499. Na hata hao 499 si wote walioacha watoto.

Je, ukoo uliopita kwenye mlango mwembamba namna hiyo unaweza kusimama wenyewe, na una haki ya kudai maji na fedha? Nimeupanga mjadala huu kwa sauti nne. Wasemaji hawa hawakuwahi kukaa meza moja. Ni hoja ninazozisikia Ifakara, kila moja nimeipa mdomo wake, na mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

FUNDI WA UMEME: Nianze mimi, maana najua lawama zinakuja kwangu. Mtambo wa Kihansi una mashine tatu za megawati 60 kila moja, jumla 180. Maji yanashuka zaidi ya mita 800 kutoka bwawani hadi kwenye mashine zilizo ndani ya mwamba. Bwawa lenyewe ni dogo. Mhandisi gani angepita mahali kama hapo asisimame? Ujenzi umeshaanza, mwaka 1996 watafiti wakatokea wakasema chini ya maporomoko kuna chura asiyejulikana. Tangu hapo kila kitu ni chura. Mitaani watu walihoji mpaka wakachoka: zahanati haina dawa, na chura anapanda ndege! Mimi simchukii. Nauliza tu, mnyama wa ukubwa wa ukucha, tena sasa mnatuambia damu yake imechakaa, tunamng'ang'ania wa nini?

MWALIMU WA BAIOLOJIA: Ukubwa wa ukucha ni kweli, kaka. Jike mkubwa hafiki sentimita tatu, dume ni mdogo zaidi. Ana rangi ya manjano kama ya dhahabu, na hatagi mayai kwenye maji kama vyura wa majaruba yetu. Anazaa. Watoto wanatoka wakiwa vyura kamili, miguu minne, urefu wa nusu sentimita hivi. Na makazi yake duniani kote yalikuwa pale tu, kwenye majani yanayolowa manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta mbili. Viwanja vitatu vya mpira vinalimaliza. Bwawa lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikaingia kwenye handaki la mtambo na manyunyu yakakatika. Mwaka 2001 wakatandaza mabomba ya kunyunyizia. Vyura wakaongezeka tena, na Juni 2003 walikadiriwa kufika kama 20,000. Ilipofika Januari 2004 walionekana wa kuhesabu kwa vidole.

FUNDI: Hapo bwawa halikuwepo? Mabomba yalikuwa yananyunyiza.

MWALIMU: Bwawa lilikuwepo, na mabomba pia. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi za dunia ulikutwa kwenye maiti zao. Wapo wanaoshuku pia dawa za mashambani, zilizoshuka na tope pale bwawa lilipofunguliwa kusafishwa. Inawezekana ni vyote kwa pamoja. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

MFUGAJI: Mwalimu, mimi niulize kidogo. Nimechunga tangu mtoto, habari ya damu moja sikuisoma kwenye kitabu. Fahali ukimwacha kundini miaka sita atapanda binti zake. Mwanzo huoni kitu. Baadaye ndama wanazaliwa wadogo, mtamba anapandwa mara tatu hashiki, na ugonjwa ukipita wanaoanguka ni wa mstari uleule. Ndiyo maana kwangu fahali hazeeki. Binti zake wa kwanza wakikaribia kupandwa, anakwenda mnadani au nabadilishana. Na sibadilishani na kaka yangu wa tumbo moja, maana fahali wake na wangu baba yao mmoja. Natafuta mtu wa mbali, hata ikibidi kuongeza fedha. Sasa hao vyura walikuwa elfu ishirini. Shida ya damu inatoka wapi, mimi mwenye ng'ombe themanini nisiwe nayo?

Wengi wanakwama hapo, na mfugaji kauliza vizuri kuliko baadhi ya wataalamu wanavyojibu.

MWALIMU: Shida inatoka kwenye wale waliofungashwa, maana ndio peke yao walioacha kizazi. Chukua gunia la maharage yaliyochanganyika, ya njano, mekundu, meusi, na machache sana yenye madoadoa. Chota kikombe kimoja, gunia lililobaki uchome moto. Ukipanda kile kikombe utavuna gunia jingine, utafurahi, lakini maharage ya madoadoa kama hayakuingia kikombeni hayarudi. Wingi umerudi, aina haikurudi. Hilo la kwanza. La pili ndilo ulilolisema wewe. Kila mnyama hupokea nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Nakala mbovu hujificha nyuma ya nzima, kwa hiyo mnyama anaweza kutembea na kasoro nyingi asiugue. Wakizaana ndugu, kasoro zilezile zinakutana. Fahali akimpanda binti yake, robo ya vinasaba vya ndama inatarajiwa kuwa nakala pacha za chanzo kimoja. Hapo hakuna nzima ya kujificha nyuma yake.

FUNDI: Lakini 499 si wachache! Mimi na mke wangu tumejaza nyumba.

MWALIMU: Mwaka 1980 mwanasayansi wa Australia, Ian Franklin, alitoa makadirio ambayo watu wanayanukuu mpaka leo: wazazi 50 ili ukoo usidhurike haraka kwa kuzaana ndugu, na 500 ili ubaki na aina za kutosha kwa siku za mbele.

FUNDI: Basi 499 ni pungufu ya mmoja tu. Nitamchangia mimi.

MWALIMU: (anacheka) Ungekuwa umesema kweli kama wote 499 wangezaa, na vizazi vyote vilivyofuata vikawa na idadi hiyo. Walipofika Marekani waligawanywa kwenye bustani kadhaa za wanyama. Walikufa vibaya sana. Hakuna aliyejua walishe nini, mwanga uwe kiasi gani, unyevu kiasi gani. Baada ya miaka michache walibaki chini ya mia moja. Bustani zilizofaulu ni mbili, Bronx ya New York na Toledo ya Ohio. Hicho ndicho kikombe chenyewe, na ndani yake wapo waliozaa sana na wapo wasioacha kitu. Halafu chura hukomaa haraka, kwa hiyo miaka ishirini ya tangi ni vizazi vingi vya kuendelea kuchota.

FUNDI: Nikupe mfano wa kukuziba mdomo. Farasi mwitu wa Mongolia, anaitwa Przewalski. Alitoweka porini miaka ya 1960. Waliobaki kwenye bustani za Ulaya na Marekani wametokana na farasi kama 12 tu waliokamatwa porini. Kumi na wawili! Leo wako zaidi ya 2,000, na tangu mwaka 1992 wanarudishwa kwao, wanakula nyasi na kukimbizwa na mbwa mwitu kama zamani. Kama farasi 12 walitosha, hizo kelele za 500 ni za nini?

Naingilia. Farasi wanaweza kuonekana wageni katika habari hii, kwani Kilombero haikuwa nchi ya farasi, na kwa muda mrefu haikuwa hata nchi ya ng'ombe, kwa sababu ya mbung'o. Makundi makubwa ya mifugo yaliingia bondeni katika miongo ya karibuni. Lakini fundi ameuleta mfano wenyewe ambao wataalamu wa ufugaji wa wanyama adimu huanza nao, na usichukuliwe nusu.

MWALIMU: Mfano ni mzuri, ila umeuacha katikati. Miaka ya mwanzo hao farasi walizaana ndugu kwa ndugu mpaka watoto wakawa wanakufa wadogo na maisha yakafupika. Waliponea kwenye daftari. Mwaka 1959 ikaanza kutolewa orodha ya ukoo ya kila farasi aliye hai, baba nani, mama nani, yuko bustani gani. Madume yakasafirishwa kutoka nchi hadi nchi ili yasipande dada zao. Na bado pengo lilibaki. Mwaka 2020 huko Texas alizaliwa mtoto aliyetengenezwa kwa seli za dume zilizogandishwa mwaka 1980, wakamwita Kurt. Lengo lilikuwa kurudisha vinasaba vilivyokuwa vimepotea kwenye ukoo. Fikiria gharama: seli zimekaa kwenye baridi miaka arobaini zikisubiri utaalamu.

MFUGAJI: Hilo daftari nimelipenda. Sisi tunalo kichwani. Lakini chura utamwandika vipi? Huwezi kumvisha hereni.

MWALIMU: Ndiyo shida yenyewe. Unafuga tangi zima kama mtu mmoja. Unachofanya ni kuchanganya tangi na tangi, bustani na bustani, ukiomba Mungu kwamba hujachanganya ndugu. Mwaka 2010 vyura 100 waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Ni nadra sana amfibia kurudishwa nyumbani baada ya kutangazwa kuwa ametoweka porini. Mimi naona fahari.

FUNDI: Fahari sawa. Na kuvu bado liko?

MWALIMU: Bado liko. Na hapo ndipo aina za vinasaba zinapokuwa na kazi. Katika ukoo wenye mchanganyiko, kuvu linaweza kuua tisini na tisa likakwama kwa mmoja mwenye kinga tofauti, na huyo mmoja ndiye mwanzo mpya. Ukoo uliofanana kinga, kuvu likimweza mmoja limewaweza wote. Ila nikubali jambo moja, nisije nikaonekana mwanasheria wa chura. Mnyama aliyeishi kwenye hekta mbili miaka na miaka huenda kasoro mbaya kabisa zilishachujwa zamani, kwa sababu kila zilipokutana ziliua. Udogo kwake si jambo geni. Kwa hiyo simhesabu kuwa mfu kwa sababu ya damu peke yake.

Ningependa fundi angemwuliza mwalimu habari ya Ol Pejeta, Kenya, maana kule hesabu imefika mwisho wake. Kifaru mweupe wa kaskazini amebaki na majike wawili, Najin na Fatu, mama na binti. Dume wa mwisho, Sudan, baba yake Najin, alikufa Machi 2018. Hata angeishi, alikuwa baba wa mmoja na babu wa mwingine. Wataalamu sasa wanategemea mbegu za madume zilizogandishwa na kupandikiza viinitete katika matumbo ya vifaru weupe wa kusini. Ukifika hapo, mwenye uamuzi ni friji.

MZEE MVUVI: Wanangu, nimewasikiliza. Mnahangaika na mnyama mdogo wa mlimani, ambaye mimi niliyezaliwa kwenye kambi ya uvuvi sikuwahi kumwona. Niwaulize habari ya sheshe, yule swala wa mbuga za bondeni.

MWALIMU: Shikamoo, mzee. Tuambie.

MZEE: Marahaba. Nilipokuwa kijana, maji yakishuka mwezi wa sita, wa saba, ukisimama kwenye mtumbwi uliwaona sheshe mbugani mpaka macho yanachoka, wekundu kwenye nyasi changa. Hukuwa na haja ya kutafuta. Leo mtoto wangu anamjua kwenye picha. Walikokuwa wakilala ni mashamba ya mpunga, na pasipo mpunga pana ng'ombe. Waliobaki wako vikundi vikundi, hawa hapa, wale kule, katikati jembe. Huyo chura Mungu alimuumba mdogo mahali padogo. Sheshe tumemfanya mdogo sisi.

Mzee ana ushahidi nyuma yake. Sheshe anaishi nchi chache za Afrika, Zambia ikiwemo, na Kilombero ilijulikana kuwa na kundi kubwa kuliko yote duniani. Hesabu zilizofanywa kutoka angani mwishoni mwa karne iliyopita zilitoa zaidi ya 50,000 kwenye bonde hili. Bonde likawekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2002, na hesabu zilizofuata zikaendelea kuporomoka. Wenzao wa Zambia wako mbali mno. Hakuna dume wa Luangwa atakayevuka kuja kuposa Kilombero.

MFUGAJI: Nilijua tutafika kwa ng'ombe. Mwishoni mwa 2012 tulitolewa bondeni, mifugo ikaswagwa, wengine tulifilisika. Mwaka 2023 likatangazwa Pori la Akiba Kilombero. Mpunga umekula mbuga zaidi ya ng'ombe wangu, lakini mpunga hauswagwi.

MZEE: Sikukutaja wewe, mwanangu. Nimetaja jembe na ng'ombe. Na nyavu zetu za macho madogo niziongeze, samaki nao wanalia.

MWALIMU: Wewe mfugaji ndiye unayelielewa hili kuliko sisi wote. Umesema unaongeza fedha ili upate fahali wa mbali. Sheshe hana mnada. Fahali wake wa mbali lazima atembee kwa miguu, na kama katikati kuna kilomita za majaruba hatembei. Msitu wa Magombera hapo Kidatu una mbega wekundu, wanaopatikana huku kwetu tu, na umezungukwa na miwa na mashamba. Mwaka 2019 umepandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, vizuri sana. Lakini mbega wa Magombera ataoa wapi? Kuufuata msitu wa Udzungwa ni lazima akatishe shamba na barabara.

FUNDI: Tembo wametengenezewa njia.

MWALIMU: Wametengenezewa, na ndiyo hoja yangu. Kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere vijiji vimekubali kutoa ardhi kwa ajili ya ushoroba, na barabara ya Kidatu kwenda Ifakara ikawekewa njia ya chini tembo wapite. Miaka michache iliyopita ungesema jambo hilo ungeambiwa umechanganyikiwa.

MFUGAJI: Waliotoa ardhi wamelipwa nini? Maana tembo akipita anabeba na mahindi.

Swali hilo halikujibiwa, na mtu yeyote anayehubiri ushoroba bila kulijibu asishangae ukifa. Uzio wa umeme unasaidia, lakini unahitaji kutunzwa na mtu aliyelipwa, mwaka hadi mwaka.

FUNDI: Nirudi kwenye maji, ndiyo kazi yangu. Mwalimu, ulitaka niseme nini? Tufunge mashine?

MWALIMU: Sikusema kufunga. Ulipowasha Kihansi, megawati 180 zilikuwa sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Leo Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina megawati 2,115, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka katika bonde letu hili la Kilombero. Nasema Kihansi inaweza sasa kuachia maji kidogo zaidi yapite kwenye maporomoko yake ya asili, mabomba yawe akiba. Chura wa tangi akirudishwa kwenye manyunyu ya mabomba, tumemhamisha tangi tu.

FUNDI: Kidogo kiasi gani? Nipe lita kwa sekunde, nikupe hesabu ya hasara. Hapo tutaongea kama watu wazima.

Kwa mara ya kwanza fundi alikuwa ameacha kuuliza chura wa nini, akauliza maji kiasi gani. Nawaachia wenyewe hesabu hiyo, kwa sharti iwekwe hadharani.

Uamuzi wangu nautoa, kwa kuwa nimewapa wengine nafasi ya kutosha. Chura wa Kihansi asiachwe. Tulimwondolea maji kwa faida yetu sote, taa za Ifakara zikiwemo, na deni halifutiki kwa kusema mdaiwa ni mkubwa na mdai ni mdogo. Matangi ya Dar es Salaam na ya Marekani yaendelee, na vyura wabadilishwe kati yake kwa mpango. Ila nikiulizwa shilingi inayofuata iende wapi, siipeleki kwenye tangi. Naipeleka mbugani, kwenye vipande vya nyasi vinavyounganisha kundi moja la sheshe na jingine, na kwenye mifuko ya watu ambao ardhi yao itakuwa njia. Kufanya hivyo sasa, wakiwa bado wapo wa kukutana, ni rahisi mara nyingi kuliko kusafirisha 499 wa mwisho. Mipango ya matumizi bora ya ardhi inajadiliwa kwenye mikutano ya vijiji, na huko ndiko mapito ya wanyama yanakochorwa au kufutwa kwa mkono kunyooshwa. Mkutano wa kijiji chako ukiitishwa, nenda, uliza kundi la sheshe lililo karibu nanyi linapita wapi kwenda kwa wenzao, na udai jibu liandikwe kwenye muhtasari.